Sura ya Tano: Panya Waliolala Montreal

Mwaka 1941, katika maabara ya Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, panya waliodungwa projesteroni tumboni walilala baada ya muda mfupi. Haukuwa usingizi wa uchovu. Ulikuwa wa nusu kaputi hasa: ukiwalaza chali hawajigeuzi, ukiwafinya hawashtuki. Sindano ilipoisha nguvu waliamka, wakarudi kwenye chakula chao. Aliyekuwa akiwadunga ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amechapisha nadharia yake ya msongo wa mwili na kuanza kujenga jina. Hakuwa akitafuta dawa ya usingizi. Alitaka kujua homoni huufanya nini mwili zikizidi kipimo.

Selye aliona mambo mawili ambayo sura hii yote imesimama juu yake. La kwanza ni kasi: panya walilala haraka mno. La pili ni geni zaidi. Nguvu ya kulaza haikwenda pamoja na nguvu ya kihomoni. Baadhi ya steroidi ambazo hazina kazi kubwa kwenye ovari wala kwenye mji wa mimba ziliwalaza panya vizuri kabisa, na nyingine zenye sifa kubwa kama homoni zililaza kwa shida. Majike, isitoshe, walilala kwa dozi ndogo kuliko madume. Aliyaandika hayo yote, akachapisha, akaendelea na msongo wake. Dunia nayo ikaendelea na mambo yake.

Kwa nini kasi ilikuwa jambo la ajabu? Projesteroni, estradioli, testosteroni na kortiso zote hutengenezwa kutokana na lehemu, ile ile ambayo daktari wako anakuonya isizidi kwenye damu. Kwa kuwa asili yao ni mafuta, hupenya ukuta wa seli bila kuomba ruhusa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago aliitia estradioli alama ya mionzi na kuifuata mwilini mwa panya, akakuta imenaswa na kubakizwa kwenye mji wa mimba. Kulikuwa na protini maalumu iliyoishika. Kutoka hapo njia nzima ilifunuliwa hatua kwa hatua: homoni huingia, hushikana na protini yake, hizo mbili huenda kwenye kiini cha seli, jeni fulani huwashwa au huzimwa, protini mpya hutengenezwa. Ndiyo njia inayomwotesha mvulana ndevu na kuuandaa mji wa mimba kupokea yai. Ni njia ya kweli, na ndiyo inayofundishwa shuleni. Lakini ni ya polepole. Athari zake huanza kuonekana baada ya dakika nyingi, mara nyingi saa, mara nyingi siku. Panya aliyekwisha kulala hakuwa na muda wa kutengeneza protini yoyote.

Ilibidi iwepo njia ya pili. Kwa miaka arobaini hivi waliojua kwamba ipo walikuwa hasa madaktari wa nusu kaputi, na wao walichojali ni mgonjwa alale na aamke salama.

Walijitahidi kuitumia. Katikati ya miaka ya 1950 ilitoka haidroksidioni, steroidi iliyotengenezwa kwa ajili ya usingizi tu, isiyo na kazi ya kihomoni. Ililaza, ila kwa kuchelewa, na iliwasha mishipa ya damu ilimopitishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Glaxo nchini Uingereza ikaleta Althesin, mchanganyiko wa steroidi mbili ambao mkuu wake ni alfaksaloni. Hii ilikuwa nzuri kweli. Mgonjwa alilala upesi, aliamka upesi, moyo na pumzi havikuyumba sana. Shida ilikuwa kwenye kimiminika. Steroidi haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo walitumia kiyeyusho kilichotokana na mafuta ya nyonyo yaliyogeuzwa kiwandani, na kiyeyusho hicho kiliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali wa ghafla. Mwaka 1984 Althesin iliondolewa sokoni. Alfaksaloni yenyewe haikuwa na hatia. Leo, ikiwa imeyeyushwa kwa njia nyingine, madaktari wa mifugo huitumia kuwalaza paka na mbwa.

Mwaka huo huo wa 1984 ndipo fumbo la Selye lilipoanza kufumbuka, na kitu kilichosaidia ni molekuli moja isiyofaa kitu.

Alfaksaloni ina ndugu aitwaye betaksaloni. Idadi ya atomi ni ile ile, mpangilio ni ule ule, isipokuwa mahali pamoja: kwenye kaboni ya tatu, kikundi kidogo cha oksijeni na hidrojeni kimeelekea upande mmoja kwa huyu na upande wa pili kwa yule. Basi. Alfaksaloni inamlaza mnyama, betaksaloni hailazi. Tofauti hii ndogo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba dawa za usingizi hufanya kazi kwa kuyeyuka ndani ya mafuta ya ukuta wa seli na kuuvuruga. Lakini ndugu hawa wawili huyeyuka kwenye mafuta karibu sawasawa. Ikiwa mmoja analaza na mwingine halazi, lazima pawepo mahali penye umbo, panapoweza kutambua kikundi kile kimeelekea wapi. Mafuta hayana umbo la namna hiyo. Protini inalo.

Neil Harrison na Michael Simmonds, wakifanya kazi London, walizijaribu molekuli hizo kwenye vipande vya ubongo wa panya vilivyohifadhiwa hai. Walikuta kwamba alfaksaloni inazidisha nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, na betaksaloni haizidishi. Hapo mlango ukapatikana. Sasa inabidi tuueleze mlango wenyewe.

Seli ya neva imezungukwa na utando wa mafuta ambao hauruhusu chembe zenye chaji, yaani ioni, kupita. Ikiwa imetulia, ndani yake umeme ni hasi, takriban milivolti 70 chini ya nje. Ishara ya neva si kitu kingine ila hali hiyo kugeuzwa kwa muda mfupi sana, na kinachoigeuza ni ioni zinazopita kwenye milango ya protini iliyotoboa utando. Milango mingine hufunguliwa na badiliko la umeme. Mingine ni vipokezi: ina mahali pa kupokea kemikali iliyomwagwa na seli jirani, na kemikali hiyo ikinata, tundu linafunguka papo hapo, ndani ya milisekunde chache. Kipokezi na mlango ni protini moja.

GABA, iliyotambuliwa ndani ya ubongo mwaka 1950, ndiyo kemikali kuu ya kutuliza neva. Kipokezi chake cha aina A kimejengwa kwa vipande vitano vya protini vilivyojipanga duara kuzunguka tundu. GABA ikinata, tundu linapitisha ioni za kloridi ambazo katika ubongo wa mtu mzima kwa kawaida huingia ndani, na kwa kuwa ni hasi, seli inazidi kuwa hasi au inashikiliwa pale ilipo. Kuiamsha kunakuwa kugumu. Bila kazi hii ubongo mzima ungewaka kwa pamoja, na jina la hali hiyo tunalijua: kifafa. Ndiyo maana diazepamu anayopewa mtoto mwenye degedege kituoni, na fenobabito ambayo kwa miongo mingi imekuwa dawa ya kwanza ya wagonjwa wa kifafa kote Afrika Mashariki, zote mbili hufanya kazi kwenye mlango huu huu. Diazepamu hufanya ufunguke mara nyingi zaidi. Fenobabito hufanya ukae wazi kwa muda mrefu zaidi.

Na steroidi? Inafanana zaidi na fenobabito. Katika kiwango kidogo haiufungui mlango peke yake. Inasubiri GABA ifanye kazi yake, kisha inaufanya mlango ukae wazi kwa muda mrefu. Ni mafuta kwenye bawaba: hayausukumi mlango, lakini aliyeusukuma anaona umekuwa mwepesi. Katika kiwango kikubwa, kama kile cha sindano ya Selye, inaweza kuufungua hata pasipo GABA, na hapo panya analala.

Mahali inaponata palijulikana kwa uhakika zaidi mwaka 2006, pale kikundi cha Trevor Smart cha Chuo Kikuu cha London kilipobadilisha asidi amino moja moja kwenye kipokezi na kuangalia ni badiliko gani linaiua kazi ya steroidi. Panapohusika ni sehemu ya protini iliyozama ndani ya utando wenyewe, mbali na pale GABA inaponata na mbali na pale diazepamu inaponata. Hivyo wale wa zamani waliosema dawa hufanya kazi ndani ya mafuta hawakukosea mtaa, walikosea nyumba. Steroidi huingia kweli kwenye mafuta, kisha hujipenyeza kwenye mfuko wa protini kutoka pembeni. Miaka kumi na moja baadaye picha za fuwele za protini zilionyesha mfuko huo ukiwa na steroidi ndani yake.

Turudi nyuma kidogo, kwa maana kuna swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza. Alfaksaloni ilitengenezwa kiwandani. Je, mwili una mahali pa kuipokea kwa bahati tu?

Jibu lilitoka Marekani mwaka 1986. Maria Dorota Majewska na wenzake wa taasisi za taifa za afya walionyesha kwamba mwili una steroidi zake wenyewe zinazofanya kazi hiyo hiyo, na kwa kiwango kidogo cha kushangaza. Moja hutokana na projesteroni na huitwa alopregnanoloni. Nyingine hutokana na homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Alopregnanoloni hupatikana kwa hatua mbili: kimeng'enya cha kwanza kinaongeza hidrojeni, cha pili kinakielekeza kile kikundi cha kaboni ya tatu upande unaotakiwa. Upande ule ule wa alfaksaloni. Kiwango cha mikrogramu 3 hivi katika lita moja kinatosha kuzidisha kazi ya GABA. Selye alidhani anadunga projesteroni. Kilichowalaza panya wake, kwa sehemu kubwa, ni kile ambacho miili yao iliigeuza projesteroni kuwa.

Tena si lazima itoke mbali. Mfaransa Étienne-Émile Baulieu, ambaye dunia inamjua zaidi kwa kidonge cha kutoa mimba, alikuwa ameonyesha mwaka 1981 kwamba ubongo wa panya una steroidi ambazo haziishi hata baada ya kuondolewa korodani na tezi za juu ya figo. Ubongo unajitengenezea kutokana na lehemu yake. Baulieu ndiye aliyezipa steroidi hizo jina la nurosteroidi. Kwa hiyo tunapozungumzia homoni na neva tusifikirie tu kiungo cha mbali kinachotuma barua kwa njia ya damu. Mengine yanapikwa hapo hapo yanapoliwa.

Sifa ya kutuliza si ya steroidi zote. Pregnenoloni ikiongezwa kikundi cha salfa inageuka mpinzani: inauzuia mlango wa GABA, na mwaka 1991 maabara ya David Farb mjini Boston ilionyesha kwamba inazidisha kazi ya mlango mwingine, ule wa glutameti uitwao NMDA, ambao huamsha neva na unahusika na kujifunza. Na nje ya ubongo, mwaka 2011 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba projesteroni inayotoka kwenye seli zinazolizunguka yai husababisha mlango wa kalisi kwenye mkia wa mbegu ya kiume ufunguke, mkia upige kwa nguvu. Mbegu hiyo jeni zake zimefungwa kabisa, haiwezi kutengeneza protini mpya hata ikipewa mwezi. Anayetaka ushahidi kwamba steroidi inaweza kufanya kazi bila kupitia kwenye jeni, basi ni huo.

Vipokezi vya GABA-A si vya aina moja. Jeni 19 hutengeneza vipande vyake, na mchanganyiko wa vipande hutofautiana kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Vile vyenye kipande cha gama hukaa zaidi kwenye sinapsi, mahali seli mbili zinapokutana, na hupokea GABA kwa mafungu makubwa ya ghafla. Vile vyenye kipande cha delta hukaa pembeni, nje ya sinapsi, vikionja GABA kidogo inayovuja humo. Kazi yao ni ya kimya na haikatiki: huweka kiwango cha utulivu cha seli nzima. Na hivyo vya delta ndivyo vinavyoitikia steroidi kwa nguvu kuliko vingine. Kwa hiyo homoni ikipanda au ikishuka, kinachobadilika si ishara moja moja, ni hali ya jumla ya ubongo, jinsi ulivyo tayari kushtuka au kutulia.

Wanawake wenye kifafa waliliona jambo hili kwenye miili yao kabla ya mwanasayansi yeyote. Mwaka 1857 daktari Mwingereza Charles Locock alieleza kwamba amewatibu kwa bromidi ya potasiamu wanawake waliokuwa wakianguka wakati wa hedhi. Bromidi ndiyo ikawa dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi kweli. Leo tunaweza kueleza walichokuwa wakipata. Siku chache kabla ya damu kutoka, projesteroni hushuka ghafla, alopregnanoloni hushuka nayo, na ubongo unapoteza kituliza ulichokuwa umekizoea. Kilichoonekana wazi namna hiyo kilitarajiwa kuwa na tiba nyepesi: rudisha projesteroni. Andrew Herzog wa Boston alilijaribu hilo katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2012, na matokeo yalikuwa ya kutia adabu. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, projesteroni haikushinda kidonge bandia. Iliwasaidia wale tu ambao kifafa chao kilizidi sana katika siku zile zilizozunguka hedhi.

Matokeo kama hayo ndiyo yanayonifanya nisiamini maelezo mepesi ya "homoni zimeshuka". Ushahidi bora upo kwa wanawake ambao kila mwezi, siku kadhaa kabla ya hedhi, hugeuka watu wengine: hasira, machozi, woga, kukata tamaa. Wengi wao wameambiwa homoni zao hazina uwiano. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha jaribio zuri kuliko mengi niliyosoma katika fani hii. Waliizima kazi ya ovari kwa dawa, na dalili zikapungua. Kisha wakarudisha estrojeni au projesteroni kwa kiwango cha kawaida. Wanawake waliokuwa na historia ya dalili hizo zikawarudia. Wale wasiokuwa nayo, wakipewa homoni zile zile kwa kiwango kile kile, hawakuhisi lolote. Homoni ilikuwa sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwa anayeipokea. Torbjörn Bäckström wa Umeå, Sweden, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kwa baadhi ya watu alopregnanoloni katika kiwango cha kati huleta wasiwasi badala ya utulivu, jambo ambalo wakati mwingine huonekana hata kwa pombe na diazepamu.

Hapa niingize neno juu ya sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, kwa sababu swali hilo huulizwa sana. Homoni iliyomo ni projestini ya maabara, si projesteroni ya mwili. Hukaa vizuri kwenye kipokezi cha njia ya polepole, ndiyo maana inazuia mimba, lakini mwili hauigeuzi kuwa alopregnanoloni. Tabia za moja zisihamishiwe kwenye nyingine kwa sababu ya kufanana majina.

Kipimo kikubwa kuliko vyote cha mlango huu ni mimba. Katika nusu ya pili ya mzunguko wa kawaida, projesteroni kwenye damu mara nyingi huwa kati ya nanogramu 5 na 20 kwa mililita. Mwezi wa mwisho wa mimba hufika 100 hadi 200. Alopregnanoloni hupanda nayo. Ubongo ungeachiwa hivyo hivyo ungesinzia miezi kadhaa, lakini seli hujirekebisha: kwa panya wenye mimba, idadi ya vipokezi vya delta hupunguzwa. Steroidi nyingi, milango michache, utulivu ule ule. Kisha mtoto anazaliwa, kondo linatoka, na kondo ndilo lililokuwa kiwanda. Ndani ya siku chache steroidi zimeanguka. Milango nayo inatakiwa irudi ilivyokuwa, na irudi upesi.

Jamie Maguire na Istvan Mody, wakiwa Los Angeles, waliuliza nini hutokea isiporudi. Mwaka 2008 walieleza juu ya panya waliozaliwa bila jeni ya kipande cha delta. Kabla ya kuzaa majike hao hawakuonyesha tofauti kubwa. Baada ya kuzaa walijenga viota vibaya, waliwaacha watoto wametawanyika, na watoto wengi walikufa, wengine wakiliwa na mama zao. Wale waliokuwa na nusu ya vipokezi hivyo, wakipewa dawa inayoviamsha, walilea vizuri zaidi.

Panya mama kula watoto si jambo la nadra, na sitaki mtu yeyote alichukue tokeo la kizimbani na kulibandika kwa binadamu. Lakini nilipolisoma nilikumbuka Uganda. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wajawazito na wazazi wa huko, na mwaka 1979 alichapisha taarifa ya wanawake 263. Aliandika pia juu ya amakiro, ugonjwa ambao Waganda waliujua muda mrefu kabla yake: mama aliyetoka kujifungua anachanganyikiwa, na husemwa kwamba anaweza kutaka kumla mtoto wake. Chanzo kilichotajwa ni uzinzi wakati wa mimba. Jamii ilikuwa imeuona ugonjwa kwa usahihi, imeujua wakati wake, na ikamtupia lawama mgonjwa. Cox aliporudi Uingereza alitengeneza pamoja na wenzake dodoso la maswali 10 la kutambua sonona baada ya kujifungua, lililochapishwa mwaka 1987 kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo linatumika duniani kote, na limetafsiriwa kwa Kiswahili.

Tiba iliyotokana moja kwa moja na hadithi hii ilifika tarehe 19 Machi 2019, pale mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha breksanoloni, iliyouzwa kwa jina la Zulresso. Ni alopregnanoloni yenyewe, iliyoyeyushwa kwa namna isiyoleta balaa la Althesin. Mama alilazwa na kutundikiwa dripu kwa saa 60 akiwa chini ya uangalizi, kwani wachache walipoteza fahamu kwa muda. Ubongo haukusahau kwamba hii ni jamaa ya nusu kaputi. Katika mojawapo ya majaribio, alama za sonona zilishuka kwa 19.5 baada ya saa hizo 60, dhidi ya 14 kwa waliotundikiwa dripu bandia. Tofauti ni ya kweli, na ilikuja kwa siku badala ya wiki. Lakini tazama hiyo 14. Kulazwa, kupumzika, kuangaliwa na watu wanaokujali kulifanya sehemu kubwa ya kazi.

Bei ya dawa peke yake ilikuwa takriban dola 34,000. Mwishoni mwa 2024 mtengenezaji aliacha kuiuza. Nafasi yake ilichukuliwa na zuranoloni, kidonge cha ukoo huo huo kilichoidhinishwa Agosti 2023, ambacho humezwa jioni pamoja na chakula chenye mafuta kwa siku 14, na anayekimeza haruhusiwi kuendesha gari kwa saa 12 baada ya kila dozi. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 15,900. Kwa bei hiyo, hakuna haja ya kujidanganya: si dawa ya kliniki zetu, na haitakuwa hivi karibuni.

Zilizopo ni hizi: vidonge vya sonona vya bei nafuu kama fluoksetini, ushauri nasaha, na watu wa kumshika mtoto ili mama alale. Vinafanya kazi kwa wengi, vikianza mapema. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi na huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, au mama asipolala hata mtoto akilala, au asipoona sababu ya kumgusa mtoto wake, mpelekeni kituo cha afya. Msisubiri arobaini itoke. Akisema anasikia sauti, au anataka kujidhuru, au kumdhuru mtoto, mpelekeni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika moja.